Mwanafunzi Nyuma ya Kaunta

  Karibu wewe uliye jikoni, karibu wewe uliyekwama kwenye foleni ya magari, karibu na wewe uliyefunga duka sasa hivi na unapiga hesabu za siku. Leo tuwazungumzie vijana ambao pengine umewahi kuwaona benki bila kujua wanafanya nini pale walipo.

Ukiingia kwenye tawi la benki kubwa kati ya mwezi wa saba na wa tisa, tazama karibu na meza ya huduma kwa wateja. Utamwona kijana aliyevaa nadhifu, shati limenyooshwa pasi, kitambulisho cha chuo kinaning'inia shingoni. Anakuonyesha foleni ya kusimama. Anakusaidia kujaza fomu. Lakini ukimwuliza una salio kiasi gani kwenye akaunti yako, anakuambia, "Samahani mama, ngoja nimwite dada." Huyo ni nani? Na kwa nini jambo dogo kama salio hawezi kukujibu?

Huyo ni mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Wenyewe husema, "Niko fildi." Anaweza kuwa ametoka Chuo cha Usimamizi wa Fedha pale Dar es Salaam, ambacho wengi tunakiita IFM. Anaweza kuwa ametoka Mzumbe, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Chuo cha Uhasibu Arusha. Chuo kimempa barua ya utambulisho, benki imemkubali, naye yupo pale kwa wiki nane hivi, zaidi au pungufu kidogo kufuatana na chuo chake. Simtaji jina, maana leo anasimama badala ya wengi. Tumwite tu mwanafunzi wetu, tumfuate, tuone anakutana na nini.

Kwanza turudi nyuma kidogo, kwa sababu kisa chake kina historia.

Mwezi Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, Tanzania ilitaifisha benki zilizokuwa mikononi mwa wageni. Ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, na Amon Nsekela akakabidhiwa kuiongoza. Wageni wengi waliokuwa wakisimamia benki wakaondoka. Je, nani angefungua milango asubuhi iliyofuata? Nani angehesabu fedha, nani angekagua hundi? Watanzania waliokuwepo walikuwa wachache, na wengi wao walijifunzia kazini, huyu akimwonyesha yule. Miaka mitano baadaye, mwaka 1972, Serikali ikaanzisha IFM ili nchi ipate watu wake wa benki, bima na fedha. Mwaka 1997 NBC ikagawanywa, na katika mgawanyo huo ikazaliwa benki ya NMB. Mwaka mmoja kabla ya hapo, ile iliyokuwa benki ya ushirika na maendeleo vijijini ilikuwa imeanza maisha mapya kama CRDB. Kwa hiyo kijana unayemwona leo kaunta anafuata njia ambayo kizazi cha mwaka 1967 kiliipita kwa lazima. Kumfundisha kazi kijana akiwa ndani ya benki ndivyo benki za nchi hii zilivyosimama. Wale wanaodhani wanampa hisani tu, wakumbuke hilo.

Sasa tuingie ndani.

Siku ya kwanza mwanafunzi wetu anapokewa na mtu wa utawala, anasaini karatasi ya kutunza siri. Huo ndio mlango wa kwanza wa elimu yake, ingawa wengi hawaelezwi hivyo. Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 inawabana wanaofanya kazi benki watunze siri za wateja. Umeona sasa kwa nini hakukutajia salio? Hana ruhusa ya kutazama akaunti ya mtu. Hana neno la siri la kuingia kwenye mfumo. Na fedha za mteja hazishiki. Anaangalia, anasikiliza, anapanga, anaelekeza.

Hapa kuna jambo la kusemwa waziwazi. Siku ambayo watu ni wengi na mikono ni michache, mfanyakazi anaweza kumwambia mwanafunzi, "Chukua neno langu la siri, nimalizie hii." Mwanafunzi akatae. Akatae kwa adabu, lakini akatae. Kila kinachofanyika kwenye mfumo wa benki kinaandikwa kwa jina la mwenye neno hilo, na saa yake, na dakika yake. Likitokea kosa, mfanyakazi ataulizwa kwa kazi ambayo hakuifanya, na mwanafunzi atakuwa ameguswa na shauri ambalo hana uwezo wa kujitetea. Vijana wengi hukubali kwa kuogopa kuonekana wavivu au wajuaji. Mzazi unayenisikiliza, mwambie mwanao mapema.

Wiki za mwanzo mara nyingi ni za kufungua akaunti. Mteja anakuja na namba yake ya kitambulisho cha taifa, NIDA, anaweka kidole kwenye mashine, taarifa zake zinahakikiwa. Anaulizwa anafanya kazi gani, kipato chake kinatoka wapi. Wateja wengine hukasirika: "Mimi naleta fedha zangu, mnanihoji kama polisi?" Mwanafunzi aliyesoma darasani juu ya kanuni ya kumjua mteja anaikuta hapa ikiwa na sura ya binadamu aliyenuna. Akielezwa sababu, kwamba benki isiyojua fedha zinatoka wapi inaweza kugeuzwa mahali pa kusafishia fedha za wizi na rushwa, basi naye ataweza kumweleza mteja. Asipoelezwa, atakariri maswali tu.

Hilo neno, sababu, ndilo ninalotaka ulishike jioni ya leo. Mwanafunzi haendi benki kujifunza kujaza fomu. Fomu hubadilika kila mwaka. Anakwenda kujua kwa nini fomu ipo. Nani anamwambia?

Tumsogeze sasa nyuma ya dirisha la keshia, mahali ambapo vijana wengi hutamani kufika.

Asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, keshia anapokea fedha za kuanzia siku kutoka kwenye chumba cha hazina. Anazihesabu, anasaini. Chumba chenyewe hakifunguliwi na mtu mmoja. Mmoja ana ufunguo, mwingine ana namba, na hakuna hata mmoja kati yao, hata awe meneja wa tawi, anayeruhusiwa kuwa na vyote viwili. Mwanafunzi akiuliza kwa nini, jibu ni la heshima kabisa: ni kumlinda mfanyakazi. Fedha zikipotea mahali ambapo mtu mmoja peke yake ndiye mwenye njia ya kuingia, huyo atashukiwa hata kama ni malaika. Utaratibu huohuo uko kila mahali ndani ya benki. Mmoja anaandaa muamala, mwingine anauhakiki. Mmoja anaandika, mwingine anaidhinisha. Ukishaelewa chumba cha hazina, umeielewa nusu ya benki.

Halafu kuna noti. Keshia mzoefu hahitaji mashine kila mara. Anaipitisha noti kidoleni, anasikia ukali wa karatasi na michoro iliyoinuka. Akiitilia shaka anainyanyua kwenye mwanga, atafute kivuli cha sura ya Mwalimu Nyerere. Mwanafunzi anaonyeshwa mara moja, mara mbili, kisha anaambiwa ajaribu kwa noti ya elfu kumi ya mfukoni mwake. Darasani alisoma juu ya noti bandia. Hapa vidole vyake vinasoma.

Lakini saa ya kujifunza hasa ni jioni, wasikilizaji. Ni baada ya mlango kufungwa, wewe na mimi tumeshaondoka. Ndipo wanapobalansi. Kila keshia anahesabu fedha zilizo kwenye droo yake, anazilinganisha na kile mfumo unachosema zinapaswa kuwa. Zikilingana, anavuta pumzi. Zisipolingana?

Chukua mfano huu, nao ni wa kawaida sana. Droo imepungua shilingi 90,000. Keshia anahesabu tena, bado 90,000. Rangi inambadilika, kwa sababu upungufu huo unaandikwa kwa jina lake, na asipoupata, mara nyingi ni yeye atakayeulipa. Mwanafunzi amesimama pembeni, hajui ashike nini. Anakuja mfanyakazi mkongwe, dada ambaye ameona mambo haya miaka mingi, anauliza tofauti ni ngapi. Anaambiwa. Anasema: "Gawanya kwa tisa." Inagawanyika bila kubaki kitu. "Basi tafuteni mahali ambapo tarakimu zimebadilishana nafasi." Wanapekua karatasi za siku. Wanakuta mteja aliweka shilingi 450,000, na kwenye mfumo ikaingizwa 540,000. Nne na tano zimebadilishana viti. Tofauti ni 90,000.

Msikilizaji, wewe mwenye duka unayepiga hesabu sasa hivi, chukua hilo na wewe. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti yake lazima igawanyike kwa tisa. Ni hesabu ya kweli, jaribu kwa namba yoyote. Wahasibu wanaijua tangu enzi za vitabu vikubwa na kalamu ya wino. Nayo imo hata kwenye vitabu vya darasani, lakini mwanafunzi aliyeiona ikimwokoa mtu jioni ile hataisahau.

Na je, droo ikizidi? Wengi hudhani ziada ni bahati. Si bahati hata kidogo. Ziada nayo ni kosa, nayo inaandikwa, inawekwa kwenye akaunti maalumu mpaka mwenyewe apatikane. Kwa nini? Kwa sababu kama droo ya keshia imezidi elfu ishirini, yupo mtu aliyekwenda nyumbani akiwa amepungukiwa elfu ishirini. Huenda ni mama aliyeuza nyanya. Ningepewa nafasi ya kuchagua somo moja ambalo kila mwanafunzi wa benki alione kwa macho yake, ningechagua hili. Kuna mtu upande wa pili wa kila tarakimu.

Tuje basi kwa huyo mtu wa upande wa pili.

Mwisho wa mwezi, wastaafu wanakuja kuchukua pensheni. Wazee wanakuja mapema, wengine wameegemea fimbo. Wakitazama nyuso zilizopo, wanamchagua kijana. Labda anafanana na mjukuu. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu, hebu nisaidie hapa." Na mzee anatoa kadi yake, palepale mbele ya watu, anataja na namba ya siri kwa sauti.

Mwanafunzi wetu afanye nini? Mzee haoni vizuri. Mashine inaandika herufi ndogo. Foleni inasukuma. Njia rahisi ni kubonyeza zile namba, ampe mzee fedha zake, apokee baraka. Lakini kijana aliyefundishwa vizuri atarudisha kadi mkononi mwa mzee kwa upole, amwambie, "Babu, namba hii usinitajie, hata mimi usinitajie," kisha amwite mfanyakazi, mzee ahudumiwe dirishani kwa kitambulisho na sahihi au alama ya kidole, na asaidiwe kubadilisha ile namba ambayo watu wameshaisikia. Inachukua muda zaidi. Babu anaweza hata kuona ananyanyaswa. Hapo ndipo kijana anajifunza kumweleza mkubwa wake jambo gumu bila kumvunjia heshima, na kazi hiyo ataifanya maisha yake yote akibaki benki. Ni kazi kubwa. Watu wazima wanaibiwa kila siku kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuwaeleza hivyo kwa subira.

Wapo pia wanaobahatika kutoka na ofisa mikopo. Wanakwenda Kariakoo, au Tandika, kumtazama mfanyabiashara aliyeomba mkopo. Ofisa anatazama rafu, anatazama daftari la mauzo, anauliza mzigo huu umekaa hapa tangu lini. Anazungumza na jirani wa duka. Mwanafunzi aliyezoea kukokotoa riba darasani anagundua kwamba kabla ya riba kuna swali la mtu: huyu ataweza kulipa, na je, mkopo huu utamnyanyua au utamzamisha? Matawi mengi hayawapeleki wanafunzi huko, na ni hasara.

Sasa niseme upande ambao hauchangamshi.

Wanafunzi wengi hawaoni hata nusu ya haya niliyoyaeleza. Wanawekwa kwenye chumba cha mafaili, au kwenye mashine ya kutoa nakala, na pale ndipo wanapokaa mpaka barua yao inapokwisha. Asubuhi nakala, mchana nakala, jioni kupanga fomu kwenye makabati. Msimamizi wa chuo anakuja mara moja, anakaa muda mfupi, anatazama daftari la kumbukumbu za kila siku, anasaini. Na ndani ya daftari hilo kumeandikwa nini? "Nilisaidia kupanga mafaili." Kesho yake, "Nilisaidia kupanga mafaili." Wengine, ili daftari lisionekane tupu, wanaiga la mwenzao. Si vizuri, lakini tuulize ni nani aliyeliacha tupu.

Kupanga mafaili kwenyewe si kosa. Faili la mkopo lina hadithi nzima ndani yake: maombi, tathmini ya dhamana, mkataba, barua za kukumbusha. Mfanyakazi akitenga nusu saa, akachukua faili moja la zamani ambalo ameruhusiwa kulionyesha, akamwambia kijana, "Tazama, huyu tulimkopesha kwa sababu hii, na hapa ndipo tulipoanza kuona dalili mbaya," faili hilo litafundisha kuliko mihadhara ya muhula. Nusu saa tu. Kinachokosekana ni mtu wa kueleza sababu. Kama ulivyosikia mwanzo, tunarudi palepale.

Pengine unajiuliza: kwenye benki kubwa za dunia je, huko mambo si mazuri zaidi? Huko wanafunzi wanalipwa, tena vizuri, na wanapewa kazi halisi tangu wiki ya kwanza. Lakini sikiliza hili. Mwezi Agosti 2013, jijini London, kijana Mjerumani wa miaka 21 aliyekuwa akifanya mafunzo ya majira ya joto kwenye benki ya Bank of America Merrill Lynch alikutwa amefariki katika makazi yake, mafunzo yakiwa yamekaribia kwisha. Habari zilizotangazwa zilisema alikuwa amekesha kazini siku tatu mfululizo mpaka alfajiri. Uchunguzi wa kisheria ulibaini kwamba alifariki kwa kifafa, maradhi aliyokuwa nayo tangu awali. Uchovu ungeweza kuwa kichocheo, lakini hilo halikuweza kuthibitishwa. Hivyo tusimhukumu mtu. Ila kifo kile kilizitikisa benki. Mwaka 2015 Goldman Sachs iliwaambia wanafunzi wake wa majira ya joto wasikae ofisini kati ya saa sita usiku na saa moja asubuhi.

Fikiria: ilibidi itolewe amri ili kijana aende kulala. Kwetu kijana anakaa bila kazi, kule anakesha na kazi. Kosa linaonekana tofauti, lakini pande zote mbili hakuna mkubwa aliyekaa na kijana akajiuliza, huyu anapata nini hapa, na anaendeleaje?

Hapa jirani kuna mfano wa kutia moyo. Nchini Kenya, benki ya Equity ilianza mwaka 1984 kama chama kidogo cha kukopesha fedha za nyumba katika eneo la Murang'a. Mwaka 1998, kabla hata haijawa benki kamili ya biashara, ilianza kuwachukua wanafunzi waliofanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa kidato cha nne, ikawapa kazi ya malipo katika matawi wakati wakisubiri kuingia chuo kikuu. Watoto wa wakulima wadogo, ambao wazazi wao labda hawakuwa na akaunti, wakajikuta nyuma ya kaunta wakihudumia watu wa kwao. Walipata fedha za kuanzia chuo, na wakapata watu wazima waliowafuatilia. Mpango huo umedumu na kukua, na wahitimu wake wengi wamefika vyuo vikubwa vya dunia.

Zingatia neno malipo. Mwanafunzi wetu wa Dar es Salaam anapanda daladala mbili kwenda, mbili kurudi. Anakula mchana. Anahitaji nguo za ofisini, viatu vya ofisini. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anaweza kupata fedha za mafunzo kwa vitendo, na zinamsaidia. Asiye na mkopo anabebwa na nyumbani, na kama nyumbani hapana kitu, anaahirisha ndoto ya benki kubwa mjini, anatafuta ofisi yoyote iliyo karibu na kwao. Zipo benki zinazotoa posho kidogo, zipo zisizotoa. Benki kubwa inayotangaza faida kila mwaka haiwezi kushindwa nauli na chakula cha kijana kwa wiki nane. Nasema hivyo bila kusita.

Na baada ya wiki hizo? Wengi hawaajiriwi palepale, tusidanganyane. Wanarudi chuoni, wanaandika ripoti, wanamaliza masomo, kisha wanakutana na matangazo ya kazi yanayodai uzoefu. Hapo zile wiki ndizo zinazosema. Mmoja atamwambia mwajiri kwamba alipanga mafaili. Mwingine ataeleza jinsi tofauti ya 90,000 ilivyotafutwa na kupatikana. Wote wawili walikuwa benki, mwaka mmoja, labda tawi moja.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa: usisubiri mwezi wa sita ndipo uandike barua ya maombi, nafasi huwa zimeshajaa. Andika mapema, mwanzoni mwa mwaka, na usiandike kwa makao makuu peke yake; tawi la wilayani kwenu lina watu wachache, na penye watu wachache kijana huona mengi. Ukipokelewa, siku ya kwanza muombe msimamizi wako, kwa adabu, akupangie uzunguke kila idara angalau siku chache. Na jioni moja, omba ruhusa ubaki wakati wa kubalansi.

Na kwa dada na kaka mliopo mabenki, mnaoamkiwa kila asubuhi na vijana hawa: kesho mkimtuma mmoja wao kutoa nakala, mwambieni nakala hiyo ni ya nini na inakwenda kwa nani.